Maswali ya Wasomaji: Bach na Mikono Iliyonakili Kazi Zake

Barua zilizotufikia kuhusu muziki wa kale wa Ulaya karibu zote zinamtaja mtu mmoja, Johann Sebastian Bach, mtunzi Mjerumani wa zama za Baroki aliyefariki mwaka 1750. Tumechagua zile zinazouliza mambo yanayoweza kujibiwa kwa ushahidi, na tumezipanga kwa kufuata maisha yake.

Swali: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Bach aliachwa yatima akiwa mdogo sana. Kama wazazi walifariki mapema, ni nani aliyemfundisha muziki mpaka akawa bingwa?

Jibu: Ndugu msomaji, Bach alizaliwa mwezi Machi 1685 katika mji wa Eisenach, jimbo la Thuringia, akiwa kitinda mimba wa Johann Ambrosius Bach, mpiga muziki aliyeajiriwa na mji huo. Ukoo wake ulikuwa umetoa wapiga fidla, wapiga tarumbeta na wapiga kinanda wa makanisani kwa vizazi kadhaa, hata muziki kwao ulikuwa kama uhunzi au useremala ulivyo kwa koo nyingine, yaani kazi ambayo mtoto huikuta nyumbani, huishika mapema, na hatimaye huishi kwayo. Mama yake alifariki mwaka 1694 na baba yake akamfuata mwaka 1695, kabla mtoto hajatimiza miaka 10. Alichukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf, na huko ndiko alikoanza kufundishwa vinanda kwa utaratibu.

Tanzia iliyochapishwa mwaka 1754, ambayo mwanawe Carl Philipp Emanuel alishiriki kuiandika, inasimulia kisa ambacho sichoki kukirudia. Kaka yake alikuwa na kitabu cha kazi za watunzi mashuhuri, akakifungia katika kabati lenye mlango wa kimia na kumkatalia mdogo wake asikitumie. Mtoto akawa anapenyeza mkono wake mdogo usiku, anakikunja kitabu, anakitoa, kisha anakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa kuwa hakuwa hata na taa. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita, na kaka yake alipoigundua alimnyang'anya nakala yote.

Wapo wanaokisoma kisa hiki kama hadithi ya kusikitisha tu, lakini mimi naona kinatueleza shule halisi ya Bach ilikuwa ipi. Katika zama hizo noti zilizochapishwa zilikuwa chache na za ghali, na aliyetaka kujua jinsi kazi ya bingwa ilivyojengwa alikaa akainakili mstari kwa mstari, mpaka vidole vyenyewe vikaelewa. Bach hakuacha tabia hiyo hata alipokuwa mtu mzima. Alipokuwa Weimar alichukua matamasha (kazi ambamo ala moja au chache hupokezana na kundi la ala) ya Antonio Vivaldi wa Venice, yaliyoandikwa kwa ajili ya fidla, akayaandika upya ili yapigwe kwa kinanda peke yake. Na pale ambapo hakukuwa na karatasi ya kunakili, alikwenda kwa miguu. Mwaka 1705, akiwa mpiga kinanda wa Arnstadt, aliomba ruhusa ya wiki nne akatembea karibu kilomita 400 hadi Lübeck kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri wa kanisa. Alirudi baada ya miezi karibu minne, akakuta wakubwa wake wa kanisa wakimsubiri kwa maswali, tena wakamlaumu kwamba sasa alikuwa akichanganya katika nyimbo za ibada sauti ngeni zilizowababaisha waumini.

Swali: Je, ni kweli kwamba Bach alifungwa jela?

Jibu: Ni kweli. Mwaka 1717 Mwanamfalme Leopold wa Köthen alimpa kazi nzuri zaidi, lakini mwajiri wake, Duke Wilhelm Ernst wa Weimar, hakutaka kumwachia. Bach alisisitiza mno kudai ruhusa ya kuondoka, akawekwa kizuizini tangu tarehe 6 Novemba hadi tarehe 2 Desemba, kisha akafukuzwa kazi bila heshima. Mpiga muziki wa ikulu alihesabiwa miongoni mwa watumishi wa nyumba ya mtawala, na kuhama kwake kulihitaji kibali kama kulivyohitaji kuhama kwa mpishi au msimamizi wa farasi.

Swali: Kwa nini aliondoka Köthen, mahali alipopendwa, akaenda kuwa mwalimu wa shule huko Leipzig? Mtu mkubwa kama yeye alikubalije cheo hicho?

Jibu: Ukubwa wake tunauona sisi tuliokuja baadaye. Ndani ya Köthen alikuwa na mtawala aliyependa muziki na wapigaji hodari, na huko ndiko ilikoandikwa nakala safi ya matamasha sita aliyomtunukia mtu wa ukoo wa kifalme wa Brandenburg mwaka 1721. Lakini msiba ulimkuta huko pia. Kiangazi cha 1720 alisafiri pamoja na mwanamfalme kwenda kwenye chemchemi za Carlsbad, akimwacha mkewe, Maria Barbara, akiwa mzima. Aliporudi aliambiwa kwamba ameshafariki na kuzikwa. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena Wilcke, mwimbaji wa ikulu. Baadhi ya waandishi wanadai kwamba kipande chake kikubwa cha fidla pekee kiitwacho Chaconne, kilichomo katika hati ya mwaka 1720, ni maombolezo ya Maria Barbara. Dai hilo linagusa moyo, lakini hakuna neno lolote la Bach linalolithibitisha, na muziki ule hauhitaji kupewa kisa ndipo uumize.

Leipzig ilikuwa na chuo kikuu kwa ajili ya wanawe na makanisa makubwa kwa ajili ya kazi yake. Hata hivyo baraza la mji lilikuwa limemtaka kwanza mtunzi Georg Philipp Telemann, kisha mtunzi Christoph Graupner, na Bach alipata nafasi hiyo mwaka 1723 baada ya wale wawili kukosekana. Kazi ya kantori wa Shule ya Mtakatifu Thomas ilikuwa nzito: kuwafundisha wavulana kuimba, kusimamia muziki wa makanisa manne, na kuandaa kantata karibu kila Jumapili na kila sikukuu. Kantata ni kazi ya muziki ya kuimbwa katika ibada, yenye kwaya, waimbaji wa peke yao na ala, ambayo huchukua kiasi cha nusu saa. Katika miaka yake ya kwanza Bach alitunga kantata mpya karibu kila wiki, na kila wiki sehemu za waimbaji na wapigaji zilibidi zinakiliwe kwa mkono, kukiwa na wanafunzi, mke na watoto wakubwa waliozunguka meza wakisaidia kabla wino haujakauka. Katika hali hiyo ndipo ilipofika Pasaka ya 1724, pamoja na Mateso kwa kadiri ya Yohana, simulizi la mateso ya Yesu lililoimbwa Ijumaa Kuu, na miaka mitatu baadaye Mateso kwa kadiri ya Mathayo, yenye kwaya mbili zinazoulizana na kujibizana.

Mwezi Agosti 1730 aliliandikia baraza waraka mkali juu ya hali ya kwaya yake, akiwagawa wanafunzi wake 54 katika mafungu matatu: 17 wanaofaa, 20 ambao bado hawajafaa, na 17 wasiofaa kabisa. Miezi michache baadaye akamweleza rafiki yake wa utotoni, Georg Erdmann, kwamba mapato yake ni kama thaler 700 kwa mwaka, ambazo huongezeka kidogo mazishi yakiwa mengi na kupungua hewa ikiwa nzuri, na kwamba mwaka uliotangulia alikosa zaidi ya thaler 100 kwa sababu watu hawakufa kama kawaida. Anayesoma barua hiyo anaona baba wa familia kubwa anayehesabu fedha zake kwa uwazi wote. Alizaa watoto 20 kwa wake wawili, na ni 10 tu waliofikia utu uzima.

Swali: Kila anayezungumzia Bach hutaja fugi. Naomba unieleze fugi ni nini kwa lugha ambayo mtu asiyesoma noti ataielewa.

Jibu: Fikiria mtu mmoja anaanza kusema sentensi fupi yenye umbo linalokumbukwa kwa urahisi. Akishaimaliza, mtu wa pili anaisema sentensi ileile kwa sauti ya juu au ya chini zaidi, lakini yule wa kwanza hanyamazi, bali anaendelea na maneno mengine yanayopatana na ya mwenzake. Kisha anaingia wa tatu na sentensi hiyohiyo, labda na wa nne, mpaka wote wanazungumza kwa pamoja na bado kila mmoja anasikika. Sentensi hiyo ndiyo dhamira ya fugi, na wale wazungumzaji huitwa sauti, hata zinapopigwa zote na mikono miwili ya mtu mmoja. Baada ya kuingia kwa wote, mtunzi huichukua dhamira akaipeleka katika funguo nyingine (yaani ngazi za sauti zinazojengwa juu ya noti nyingine ya msingi), akaigeuza kichwa chini miguu juu, akairefusha, au akazifanya sauti zipokezane haraka kabla mwenzake hajamaliza.

Ugumu upo katika kuhakikisha kwamba kila sauti ina wimbo wake unaoeleweka ukiimbwa peke yake, na papo hapo zote zikikutana zinatoa mapatano mazuri. Bach alikamilisha kitabu cha kwanza cha kazi aliyoiita Kinanda Kilichopatanishwa Vyema mwaka 1722, chenye utangulizi na fugi kwa kila moja ya funguo 24, kubwa 12 na ndogo 12, na miaka karibu 20 baadaye akaongeza kitabu cha pili cha mpango uleule. Jina hilo linahusu upatanishi wa nyuzi: katika njia nyingi za zamani kinanda kilikuwa kitamu katika funguo chache na kikali kisichovumilika katika nyingine, na Bach alitaka kuonyesha kwamba kinanda kikipatanishwa kwa busara funguo zote hupigika.

Alipokuwa na umri wa miaka 62, mwezi Mei 1747, alimtembelea Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia huko Potsdam, ambako mwanawe Carl Philipp Emanuel alikuwa mpiga kinanda wa ikulu. Mfalme alimpa dhamira ngumu, naye Bach akaitolea fugi ya sauti tatu papo hapo, bila kuandika. Alipoombwa afanye vivyo hivyo kwa sauti sita alitumia dhamira nyingine, kisha akarudi Leipzig, na miezi miwili baadaye akawa ameshamwandalia mfalme kitabu kizima kiitwacho Sadaka ya Muziki, kilichokuwa na fugi ya sauti sita juu ya dhamira ileile ya kifalme.

Swali: Nimesikia kwamba mkewe Bach ndiye aliyetunga zile kazi sita za selo pekee, na kwamba jina la mume lilimfunika. Ukweli ni upi?

Jibu: Dai hilo limetokana na jambo la kweli. Hati ya kazi hizo iliyoandikwa na Bach mwenyewe imepotea, na nakala muhimu kuliko zote tuliyo nayo ni ya mwandiko wa Anna Magdalena. Lakini kunakili si kutunga, na wachunguzi wa hati za Bach wamelikataa dai hilo kwa sababu halina ushahidi mwingine. Mwandiko wake ulifanana mno na wa mumewe, kiasi kwamba nakala zake kadhaa zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni za mkono wa Bach.

Naelewa nia ya wanaotaka kumpa heshima, nami naitaka pia, ila nadhani wanaitafuta mahali pasipo pake. Anna Magdalena alikuwa mwimbaji wa kulipwa kabla hajaolewa, alizaa watoto 13 na kuwazika wengi wao, na katikati ya hayo yote akanakili mamia ya kurasa kwa mkono safi. Bila yeye leo tusingekuwa na kazi za selo katika hali tuliyo nazo. Bach alipofariki, sehemu za kantata zake za mzunguko wa pili zilizokuwa fungu la mjane zilikabidhiwa kwa Shule ya Mtakatifu Thomas, na ndiyo maana zimesalimika. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1760, akiishi kwa misaada.

Swali: Inasemwa kwamba baada ya kifo chake Bach alisahauliwa kwa miaka 80 mpaka Felix Mendelssohn alipomfufua. Mtu wa kiwango chake anasahauliwaje?

Jibu: Bach alifariki tarehe 28 Julai 1750, miezi michache baada ya tabibu wa macho wa Kiingereza, John Taylor, kumpasua macho mara mbili bila mafanikio. Alizikwa katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohana bila jiwe la kumbukumbu, na mabaki yanayoaminika kuwa yake yalifukuliwa mwaka 1894, kisha yakahamishiwa Kanisa la Mtakatifu Thomas mwaka 1950. Mtindo wa muziki ulikuwa umeshabadilika kabla hajafa. Watu walitaka wimbo mmoja mwepesi wenye kusindikizwa, si sauti nne zinazobishana. Kitabu chake cha mwisho, Sanaa ya Fugi, kilichapishwa mwaka 1751 kikiwa hakijakamilika, na hadi mwaka 1756 kilikuwa kimeuzwa nakala kama 30 tu, mpaka mwanawe akaamua kuziuza sahani za shaba zilizotumika kukichapa.

Hata hivyo neno kusahauliwa linawaonea watu fulani. Wanafunzi wake waliendelea kunakili kazi za kinanda na kuwapa wanafunzi wao, na wao wakawapa wengine. Kinanda Kilichopatanishwa Vyema hakikuchapishwa mpaka mwaka 1801, lakini Ludwig van Beethoven alikuwa ameshakijifunza mjini Bonn akiwa mtoto, kwa nakala za mkono alizopewa na mwalimu wake, Christian Gottlob Neefe. Mwaka 1789 Wolfgang Amadeus Mozart alipita Leipzig, akasikia kwaya ya Shule ya Mtakatifu Thomas ikiimba utenzi wa Bach wa kwaya mbili. Inasimuliwa kwamba aliomba noti, na kwa kuwa hapakuwa na kitabu kimoja chenye sauti zote, aliziweka karatasi za kila sauti magotini, mikononi na juu ya viti vya karibu, akazisoma zote hakuinuka mpaka amemaliza.

Sasa ndipo anapokuja Mendelssohn, mtunzi Mjerumani. Bibi yake mzaa mama, Bella Salomon, alimpa kijana huyo nakala ya Mateso kwa kadiri ya Mathayo, na tarehe 11 Machi 1829, akiwa na umri wa miaka 20, aliiongoza kazi hiyo mjini Berlin, akiwa ameipunguza sana, mbele ya ukumbi uliojaa. Waliamini wanaadhimisha miaka 100 tangu ilipoimbwa mara ya kwanza, ingawa sasa tunajua kwamba iliimbwa mwaka 1727. Tamasha hilo liliwaonyesha watu wa kawaida kile ambacho wapiga vinanda walikuwa wakikijua faraghani, kwamba yule mwalimu wa fugi alikuwa pia mtunzi anayeliza watu. Mwaka 1850 ikaundwa jumuiya ya kuchapisha kazi zake zote, na kazi hiyo ilichukua karibu miaka 50.

Swali: Mimi si mjuzi wa muziki huu lakini natamani kuusikiliza. Nianze na kipi?

Jibu: Anza na utangulizi wa kwanza katika Kinanda Kilichopatanishwa Vyema. Huenda unaujua tayari, kwa maana Mfaransa Charles Gounod aliuwekea wimbo juu yake, nao ndio Ave Maria inayoimbwa kila mahali. Usikilize peke yake, bila wimbo ule, na utaona kwamba haukukosa kitu. Kisha nenda kwenye kazi ya kwanza ya selo pekee, na baada yake tamasha la tano la Brandenburg, ambamo kinanda kinachozoea kusindikiza kinawanyamazisha wenzake wote na kushika uwanja kwa muda mrefu.

Ukiwa tayari, zima kila kitu usikilize wimbo wa alto katika Mateso kwa kadiri ya Mathayo unaofuata mara tu baada ya Petro kumkana Yesu na kulia kwa uchungu. Maneno yake ni ombi la kuhurumiwa, nayo fidla moja inayoandamana na mwimbaji inalia pamoja naye bila kumwiga. Nimeusikiliza wimbo huo kwa miaka mingi na bado siwezi kufanya kazi nyingine ukiwa unapigwa.

Jihadhari na kimoja tu. Ile minueti ya ufunguo wa G ambayo watoto wengi hufundishwa kwa jina la Bach imo katika daftari la Anna Magdalena, lakini mtunzi wake ni Christian Petzold wa Dresden. Naye Bach hakuitunga.

Swali: Je, kazi zake zote zimeshapatikana?

Jibu: Hapana. Tanzia ya 1754 inataja mizunguko mitano ya kantata za mwaka mzima, na kantata za kanisa tulizo nazo ni kama 200, jambo linaloonyesha kwamba nyingi zimepotea, hasa zile zilizoangukia mikononi mwa mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, aliyelazimika kuuza hati alipoishiwa fedha. Lakini bado kitu huibuka. Mwezi Septemba 2004 maktaba ya Duchess Anna Amalia huko Weimar iliungua, na maelfu ya vitabu yakateketea. Sanduku moja lenye mashairi ya pongezi ya siku za kuzaliwa kwa watawala lilikuwa limeshaondolewa katika jengo kabla ya moto. Mwaka 2005 mtafiti Michael Maul alikuwa akiyapitia mashairi hayo, akafungua moja lililoandikwa kwa ajili ya Duke Wilhelm Ernst, yuleyule aliyekuja kumfunga Bach miaka minne baadaye, na mwishoni mwake akakuta kurasa mbili za wimbo wa soprano, wa mwezi Oktoba 1713, kwa mwandiko wa Bach mwenyewe.